Michezo ya zamani yarejea kwa mavazi mapya: Je, mnunuzi anapata nini hasa?

JE, msomaji, unaikumbuka kaseti ile ya manjano iliyobandikwa karatasi ya picha za rangi, na maandishi makubwa ya kujigamba kwamba ndani mna michezo 999? Kama ulikulia mjini katika miaka ya tisini, bila shaka unaikumbuka. Na kama haikuwa kwenu, basi ilikuwa kwa jirani, nawe ulijua barabara ni saa ngapi baba yake hayupo nyumbani.

Mashine yenyewe ilichomekwa kwenye runinga pale pa waya wa antena, ikatafutiwa chaneli kwa kuzungushwa kidude, kisha sebule nzima ikajaa muziki ule wa kama vinanda vya bati. Kulikuwa na Mario wa masharubu. Kulikuwa na bata wa kupigwa bunduki. Kulikuwa na vifaru viwili, kimoja chako na kimoja cha ndugu yako, vilivyolinda tai asipigwe na adui. Lakini ulipofika kama mchezo wa thelathini ulianza kushuku. Michezo ilikuwa ileile iliyobadilishwa majina. Mario wa kwanza alianza safari mwanzoni. Mario wa hamsini alianzia katikati. Ukihesabu kwa haki, 999 ilikuwa labda ishirini au thelathini.

Huo ndio uliokuwa mkusanyiko wetu wa kwanza wa michezo ya video, ingawa hakuna aliyeuita hivyo. Leo wenye michezo wenyewe ndio wanaofanya kazi hiyo. Wanachukua michezo yao ya miaka ishirini, thelathini au arubaini iliyopita, wanaifunga pamoja, wanaipa jina la kuvutia na kuiuza kwa mashine mpya. Ni biashara kubwa. Mkusanyiko mmoja wa kampuni kubwa aghalabu huuzwa dola 60, ambazo kwa kiwango cha Sh129 kwa dola ni Sh7,740. Mzazi anayeambiwa na mwanawe kwamba hizo ni pesa za kununua michezo ambayo yeye mwenyewe mzazi aliicheza akiwa darasa la tano, ana haki ya kuuliza maswali mawili matatu kabla ya kufungua pochi.

Nilianza kulitafakari jambo hili nikiwa Madogo. Kwa asiyepajua, Madogo ni mji mdogo wa Kaunti ya Tana River ambao kila basi la kutoka Nairobi kupitia Thika na Mwingi hupita kabla ya kuvuka daraja la Mto Tana na kuingia Garissa. Abiria wengi wa Garissa, Wajir na Mandera wanaujua kwa dirishani tu. Basi letu lilikawia, jua likiwa limekaa utosini, nami nikafuata kelele hadi kwenye kibanda cha mabati chenye feni moja, runinga moja na wavulana kumi na kitu waliosukumana kwenye benchi. Mashine ilikuwa PlayStation 2, pedi yake imefungwa kwa utepe mweusi. Waliokuwa na shilingi walicheza, wasiokuwa nazo walitoa ushauri, na ushauri ulikuwa mwingi kuliko shilingi.

Tuseme ukweli, hapo ni ajabu ya Musa. PlayStation 2 ilianza kuuzwa Japani Machi 2000, na utengenezaji wake ukakoma Januari 2013. Mchezo uliokuwa ukichezwa, Grand Theft Auto: San Andreas, ulitoka mwaka 2004. Wavulana wale, kwa kuwakadiria kwa macho, walizaliwa baada yake. Kwa hiyo wao hawauchezi kama kumbukumbu ya utotoni, maana huo ndio utoto wao wenyewe. Kile ambacho makampuni yanakiuza Ulaya na Marekani kama hamu ya siku zilizopita, kando ya Mto Tana ni mchezo wa leo alasiri.

Kipya kinyemi

Nao walijua, kama vijana wote wanavyojua mambo haya, kwamba kuna San Andreas mpya. Hadithi yake inafaa kusimuliwa kwa kirefu kidogo, kwa sababu inaonyesha jinsi kazi hii inavyoweza kuharibika.

Tarehe 11 Novemba 2021 kampuni ya Rockstar ilitoa mkusanyiko wa michezo mitatu: Grand Theft Auto III ya mwaka 2001, Vice City ya 2002 na San Andreas yenyewe. Ilitangazwa kwamba picha zimesafishwa na mandhari yamenawirishwa. Wapenzi wa mchezo huo walilipa. Walipofungua, wakakuta mvua inayonyesha kama nyuzi nyeupe zilizotandazwa mbele ya macho hata barabara haionekani. Wakakuta nyuso za watu zilizovimba kama za wanasesere. Mabango ya maduka yalikuwa yamekuzwa kwa msaada wa programu isiyojua kusoma, nayo ikayaandika kwa makosa ya tahajia. Baadhi ya nyimbo zilizokuwa zikipigwa redioni ndani ya magari hazikuwepo, kwa kuwa leseni za muziki huwa na muda wake. Toleo la tarakilishi liliondolewa sokoni kwa siku chache mara tu baada ya kuzinduliwa.

Lakini lililowakera watu zaidi si hilo. Mwezi mmoja kabla, kampuni ilikuwa imeanza kuyaondoa matoleo ya zamani ya michezo hiyo mitatu kwenye maduka ya mtandaoni. Yaani yule aliyetaka San Andreas jinsi anavyoijua, na yuko tayari kulipa, hakuwa na mlango wa halali wa kubisha. Kelele zilipozidi, Rockstar iliomba radhi wiki moja baadaye na kuahidi kuyarudisha matoleo ya zamani kwa wenye tarakilishi. Marekebisho makubwa yaliyoondoa aibu nyingi yalikuja Novemba 2024, miaka mitatu kamili baada ya watu kulipa.

Sasa rudisha macho kwenye kibanda kile cha mabati. Diski yao ya mwaka 2004, iliyokwaruzwa na iliyonakiliwa nisijue mara ngapi, ilikuwa na nyimbo zote na mvua inayofanana na mvua. Kwa usanii wa mchezo, mvulana wa Madogo alikuwa mbele ya mnunuzi wa London aliyelipa bei kamili. Silisemi hili kuusifu wizi wa hatimiliki. Nalisema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu mwenye mali asipoitunza atakuwa wa mwisho kushangaa watu wakitafuta nakala kwingine. (Wazazi pia wajue: mchezo huo wenyewe umewekewa umri wa miaka 17 kwenda juu Marekani na 18 Ulaya. Matusi na damu havikuondolewa katika toleo jipya wala la kale.)

Mario alivyovishwa upya

Kazi hii inaweza kufanywa vizuri. Mfano wa mwanzo unaokumbukwa ni wa Nintendo mwaka 1993, ilipotoa Super Mario All-Stars kwa mashine yake mpya ya wakati huo, Super Nintendo. Ndani mlikuwa na michezo minne ya Mario ya mashine iliyotangulia. Haikuhamishwa tu kama magunia yanavyohamishwa kutoka lori hadi lori. Picha zilichorwa upya kwa rangi nyingi zaidi, na mchezaji akapewa uwezo wa kuhifadhi pale alipofika, jambo ambalo sisi tuliolazwa saa mbili usiku tukiwa karibu kumaliza tungeliona neema.

Zaidi ya hayo, mkusanyiko ule ulitoa siri. Mwaka 1986 Japani ilipata mchezo wa pili wa Mario uliokuwa mgumu kupita kiasi. Nintendo ilichelea kwamba Wamarekani wangekata tamaa, ikawanyima, na mwaka 1988 ikawapa mchezo tofauti kabisa, uliogeuzwa kutoka mchezo mwingine wa Kijapani, chini ya jina lilelile la Mario wa pili. Kwa miaka saba mtoto wa Marekani hakujua kwamba kuna Mario aliyefichwa. Mwaka 1993 akapewa. Hapo mnunuzi alipata alichokuwa hana, na sioni ubishi juu ya thamani yake.

Kisha tazama kilichofuata. Mwaka 2010, Mario alipotimiza miaka 25, mkusanyiko uleule wa 1993 uliwekwa kwenye diski ya mashine ya Wii bila kubadilishwa, ukaongezewa kijitabu na diski ya muziki, ukauzwa tena. Na mwaka 2020, kwa miaka 35, ukaja mkusanyiko mwingine wa michezo mitatu ya Mario kwa ajili ya Nintendo Switch: wa 1996, wa 2002 na wa 2007. Huu uliuzwa kuanzia tarehe 18 Septemba 2020 hadi tarehe 31 Machi 2021, basi. Hakukuwa na upungufu wa karatasi wala wino. Mchezo unaopakuliwa kwa mtandao hauishi ghalani. Kampuni ilitaka tu watu wakimbie kununua, nao wakakimbia: nakala takriban milioni 9 ziliuzwa katika muda huo mfupi. Mbinu hii hata muuza nyanya wa Soko la Wakulima anaijua, ila yeye nyanya zake huoza kweli.

Huenda ukauliza, kwani kuna ugumu gani kuuhamisha mchezo mdogo namna ile? Super Mario Bros. ya mwaka 1985 ina ukubwa wa kilobaiti 40 pekee. Picha moja unayotumiwa kwa simu kutoka harusini ni kubwa kuliko mchezo mzima. Ndiyo maana kaseti yetu ya manjano iliweza kubeba michezo mingi kwenye chipu moja rahisi, ikiwa na orodha ya kuchagulia mwanzoni, na kila mstari wa orodha ukiuambia mchezo uleule uanzie hatua nyingine.

Ugumu hauko kwenye ukubwa. Mchezo wa zamani uliandikwa kwa ajili ya mashine moja mahsusi, ukijua kila kasoro ya mashine hiyo. Ili ucheze kwenye mashine mpya kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuandika programu inayojifanya mashine kongwe, nayo inaudanganya mchezo kwamba bado uko mwaka 1985. Ya pili ni kuujenga mchezo upya kutoka msingi, kama ilivyofanywa kwa Mario mwaka 1993. Njia ya kwanza ni nafuu na huutunza mchezo jinsi ulivyokuwa. Ya pili inagharimu zaidi, na kama ulivyoona kwa San Andreas, fundi asiye makini anaweza kubomoa nyumba akidhani anapaka rangi.

Chukua mchezo wa bata, Duck Hunt wa mwaka 1984. Sisi tulidhani bunduki ile ya plastiki inatoa kitu. La hasha! Bunduki ilikuwa jicho. Ulipovuta kifyatulio, kioo cha runinga kiligeuka cheusi kwa sekunde isiyotimia, na mahali pa bata pakatokea mraba mweupe. Jicho la bunduki likiona mweupe, umemwua. Likiona giza, yule mbwa anakucheka. Hila hiyo ilitegemea runinga nene zile za kisogo, ambazo ziliwasha picha papo hapo. Runinga bapa za leo huchelewa kidogo, na ule ucheleweshaji, ingawa jicho la binadamu haliuoni, unatosha kulichanganya jicho la bunduki. Kwa hiyo hata ukiitoa bunduki yako ya zamani kabatini leo, bata wote watakwenda zao salama. Nintendo ilipouza mashine yake ndogo ya kumbukumbu yenye michezo 30 mwaka 2016, Duck Hunt haikuwemo.

Vifaru navyo vina kisa cha kufurahisha. Mchezo ule unaitwa Battle City, ulitengenezwa na kampuni ya Namco mwaka 1985 kwa ajili ya Japani. Marekani haukuuzwa rasmi kwa mashine ya Nintendo ya wakati huo. Kaseti za kunakili ndizo zilizoutembeza duniani, kuanzia Moscow hadi mitaani kwetu. Mwaka 2020 ukatiwa katika mojawapo ya mikusanyiko miwili inayoitwa Namco Museum Archives, kila mmoja ukiwa na michezo 11. Waama, ni watu wangapi waliocheza Battle City maisha yao yote bila kujua jina la aliyeutengeneza?

Hilo ndilo deni kubwa zaidi la kaseti ya 999. Ilitupa michezo, ikatunyima majina. Mashine zenyewe zilikuwa nakala za Famicom ya Nintendo, iliyoanza kuuzwa Japani tarehe 15 Julai 1983. Viwanda vya Taiwan na China viliichunguza, vikaiga ya ndani na kuiuza dunia nzima: Urusi waliiita Dendy, Poland Pegasus, Afrika Kusini Golden China. Kwetu ilikuwa gemu ya TV tu, hata boksi liseme nini. Huo ulikuwa wakati wa bidhaa za Dubai. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nyumba ya kulala wageni iitwayo Garissa Lodge, mtaani Eastleigh, ilikuwa ikigeuzwa kuwa soko la vibanda na wafanyabiashara wa Kisomali, hata kwa mtu wa Nairobi jina la mji ule wa ng'ambo ya mto wa Madogo likaanza kumaanisha kitu cha ng'ambo kwa bei ya maelewano.

Kaseti ile haijafa, imebadili ngozi. Leo inauzwa kwa elfu chache kama kijiti cha kuchomeka nyuma ya runinga, kikiwa na pedi mbili zisizo na waya na tangazo kwamba kina michezo 10,000. Hesabu yake ni ileile ya zamani. Na hatimiliki yake pia ni ileile: chini ya Sheria ya Hatimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 programu za tarakilishi hulindwa sawa na maandishi, na aliyekitengeneza kijiti hakumwomba mtu ruhusa.

Ulichonunua ni chako?

Hapa ndipo ningependa mzazi asome polepole. Unaponunua mkusanyiko kwa kuupakua mtandaoni, kwa kawaida hununui mchezo. Unanunua ruhusa ya kuucheza. Jimbo la California nchini Marekani liliona watu wengi hawalijui hilo, likapitisha sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025 inayoyalazimu maduka ya mtandaoni kumwambia mnunuzi waziwazi kwamba analipia leseni. Na duka lenyewe linaweza kufungwa. Duka la mashine ya Wii lilifungwa Januari 2019; yale ya Wii U na 3DS yakafungwa kwa ununuzi tarehe 27 Machi 2023. Michezo mingi iliyouzwa humo pekee sasa haina pa kununuliwa.

Watu wa Video Game History Foundation, shirika la Marekani linalohifadhi historia ya michezo hii, walichunguza mwaka 2023 wakakuta kwamba asilimia 87 ya michezo iliyotoka Marekani kabla ya mwaka 2010 haipatikani tena sokoni. Mikusanyiko yote unayoiona dukani, pamoja na makelele yake yote, inachota kutoka kwa ile 13 iliyobaki. Kinachorudishwa ni kile ambacho mwenye haki anajulikana na faida inaonekana. Mchezo ambao kampuni yake ilifilisika, au ambao wanasheria hawakubaliani ni wa nani, unabaki kaburini, au kwenye kijiti.

Kwetu kuna kikwazo kingine. Mei 2024, mchezo mpya uitwao Helldivers 2 ulipoanza kudai kila mchezaji awe na akaunti ya PlayStation, uliondolewa kwenye duka la tarakilishi la Steam katika nchi zaidi ya 170 ambako huduma hiyo ya Sony haikuwapo rasmi, Kenya ikiwa miongoni mwao. Kijana wa Kenya aliyetaka kununua kwa halali ilimbidi ajiandikishe kama mkazi wa Marekani au Uingereza, kisha anunue namba za kadi za zawadi kutoka kwa mtu wa kati. Unaona? Anafanya udanganyifu ili aweze kulipa.

Basi si bora diski ya kushikwa mkononi? Mara nyingi nasema ndiyo. Unaweza kuiazima, kuiuza, kumrithisha mdogo wako. Lakini Madogo itakufundisha upande wa pili. Novemba 2023 mvua za El Niño zilipofurisha Tana, barabara kati ya Madogo na Garissa ilikatika, watu na mizigo wakavushwa kwa boti. Aprili 2024 maji yakarudi. Familia zilihama na kile kilichobebeka. Diski, kaseti na mashine si vitu vya kwanza kuokolewa mto unapoingia ndani, wala havipaswi kuwa. Aliyekuwa na akaunti mtandaoni angaliweza kupakua tena michezo yake siku akipata mashine nyingine na bando la kutosha. Kila njia ina maji yake ya kuizamisha.

Nikiulizwa ni mkusanyiko gani unaostahili bei yake, nitataja Atari 50, uliotoka Novemba 2022. Una michezo zaidi ya 100 ya kampuni iliyotangulia hata Nintendo katika biashara ya michezo ya nyumbani, lakini michezo si yote uliyomo. Imepangwa kwa mfuatano wa miaka, na katikati yake mna mahojiano ya video na waliokuwapo, michoro yao ya awali, barua za ofisini na matangazo ya magazetini. Mtoto anayeucheza anajua mchezo ulitengenezwa na nani, na kwa nini ulishinda au ulianguka. Hiyo ni kinyume kabisa na kaseti ya manjano.

Yetu je?

Juni 2020 Nintendo ilitoa mkusanyiko wa michezo 51 ya kale ya dunia: karata, sataranji, domino na kadhalika. Ndani yake mna mankala, yaani jamaa ya bao. Nilifurahi nilipolisikia hilo, kisha furaha ikapungua. Mankala hiyo ni ya safu mbili za mashimo sita, aina iliyosambazwa na mfanyabiashara wa Marekani karne iliyopita. Mzee wa Lamu au Unguja akionyeshwa ataiona kama chandimu mbele ya fainali. Bao letu lina mashimo 32 katika safu nne, kete 64, na nyumba yenye sheria zake, nalo halimo. Wala halimo shax, mchezo ambao wazee wa Kisomali huuchora mchangani na kuucheza kwa vijiwe na vijiti, kumi na viwili kila upande, wakitafuta kupanga vitatu kwa mstari. Hii kwa bahati haihitaji duka. Maji yakishuka, unachora upya.

Lakini tunayo pia michezo ya video ya kwetu, na hii ndiyo iliyo hatarini. Mwaka 2007 Mkenya Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, mchezo wa tarakilishi kuhusu mwanamke anayesaka vitu vya kale vya Kiafrika. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 kampuni ya Planet Rackus ya Nairobi ilitoa Ma3Racer kwa simu, ukiwa dereva wa matatu unayekwepa magari kama wanavyokwepa wenyewe. Mwaka 2015 ikaja Nairobi X ya Black Division Games, ambamo viumbe wa anga za juu wanauvamia mji mkuu na wewe ndiye wa kuwazuia. Usione vyaelea, vimeundwa: kila mmoja ulitengenezwa na watu wachache, bila kampuni kubwa nyuma yao, kwa mashine na simu za wakati wake.

Na wakati wake umepita. Duka la programu la simu za Nokia, ambako Wakenya wengi walipatia michezo yao ya kwanza ya simu, lilishafungwa. Google Play huzificha kwa wenye simu mpya programu ambazo hazijasasishwa kwa muda mrefu. Sheria yetu ya Vitabu na Magazeti, inayowataka wachapishaji kuwasilisha nakala za vitabu, iliandikwa kwa ajili ya kilichopigwa chapa karatasini. Nintendo inaweza kumuuza Mario mara tano kwa sababu miaka arubaini yote imemweka ghalani kwake. Mkusanyiko wa michezo ya kwanza ya Afrika Mashariki, wenye Nyangi, matatu na wavamizi wa Nairobi pamoja, na mahojiano ya waliouunda kama ule wa Atari, hauhitaji fedha za Japani. Unahitaji faili za awali ziwepo, na wenye haki wakubaliane wangali hai na wanakumbukana.

Kwa hiyo, ewe mwanafunzi unayesoma tarakilishi, na ambaye mwaka jana ulitengeneza kamchezo ka kupita mtihani: usikaache kwenye ile tarakilishi ya mkopo. Toa nakala tatu, moja ikae nyumbani, moja mtandaoni na moja kwa rafiki wa mji mwingine. Andika majina ya wote mlioshiriki na nani alichora nini, muziki mliutoa wapi, na kama mlilipia. Ongeza kijikaratasi kinachosema ulichezwa kwa simu gani. Ile ya rafiki, kama rafiki yuko Madogo, mwambie aiweke juu ya kabati.